Kofia Inaonekana, Uso Hauonekani

Saa nane na dakika kumi na mbili usiku, mtu anatoka mlango wa ghala na mfuko wa unga begani. Anakatisha uwanja bila haraka, anapita chini ya taa, anapotelea nyuma ya lori. Asubuhi yake meneja wa kiwanda, mkuu wa ulinzi na fundi wa kompyuta wamejazana mbele ya kioo, wanairudisha picha kwa mara ya saba. Wanachokiona ni kofia ngumu ya njano. Uso haupo. Kamera imefungwa chini ya paa, mita 6 kutoka ardhini, na kila anayepita hapo anageuka kofia yenye miguu. Juu ya hayo, saa iliyo pembeni mwa picha inasomeka 07:12 na huku kiza kimetanda. Rekoda ilitoka boksini na saa ya Beijing, ambayo iko saa 5 mbele ya Afrika Mashariki, na hakuna aliyekumbuka kuirekebisha.

Kisa ni cha mfano, lakini mkuu wa ulinzi wa kiwanda cha Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, au cha Athi River nje ya Nairobi, hatapata shida kukiamini. Kosa halikutokea usiku ule. Lilitokea miezi mingi nyuma, siku hati ya zabuni ilipoandikwa kwa mstari mmoja: kamera 40, megapikseli 4, pamoja na rekoda na ufungaji. Bei zikaletwa, ya chini ikashinda, kamera zikafungwa palipokuwa rahisi kusimamisha ngazi. Hakuna aliyeuliza kila kamera itatakiwa kujibu swali gani siku mali itakapopotea.

Swali hilo ndilo linaloamua yote yanayofuata: lenzi, kimo, kebo, diski, hata maneno ya mkataba wa fundi.

Kompyuta yenye jicho

Kamera za kutazama kwa mbali zina asili ya kiwandani zaidi kuliko ya dukani. Mwaka 1942, huko Peenemünde, Ujerumani, mhandisi Walter Bruch alishiriki kufunga mfumo wa televisheni wa kutazama makombora ya V-2 yakirushwa, ili watu wakae mbali na hatari ya mlipuko. Kwa miongo mingi baada ya hapo mpango ulibaki ule ule: kila kamera na waya wake hadi kwenye kioo, na baadaye hadi kwenye mashine ya kanda.

Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya mji wa Lund, Sweden, ilitoa Neteye 200, kamera ya kwanza ya mtandao kuuzwa sokoni. Kwa ukubwa wake kamili wa picha ilitoa picha moja kila sekunde 17. Mwizi mwepesi angeweza kuingia, kubeba na kuondoka katikati ya picha mbili. Hata hivyo kifaa kile kilikuwa na jambo jipya: anwani yake chenyewe kwenye mtandao. Kamera ya leo imeendeleza hapo. Ina kichakataji, kumbukumbu, programu endeshi na nywila, na picha zake husafiri kama data nyingine yoyote ya ofisi. Ni kompyuta iliyotundikwa ukutani, juani na mvuani, ikiangalia mali ya watu usiku na mchana. Faida zake zinatokana na hilo, na hasara zake nyingi pia.

Namba isiyoandikwa kwenye boksi

Wauzaji wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue, Nairobi, hutaja megapikseli kama wauza magari wanavyotaja ukubwa wa injini. Namba inayomhusu mnunuzi wa kiwanda ni nyingine: pikseli ngapi zinaangukia kwenye kila mita ya eneo linalotazamwa. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4 kimezipanga kazi za kamera kwa ngazi. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kugundua kwamba kuna mtu. Pikseli 125 zinamwezesha mlinzi kumtambua mtu anayemfahamu tayari. Ili mtu asiyejulikana atambulishwe pasipo shaka ya maana, zinahitajika 250.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Kamera ya kawaida ya HD ina pikseli 1,920 kutoka kushoto hadi kulia. Ukiipa lenzi pana ya nyuzi 90 na kuielekeza mlango ulio mita 10 mbele, itaona upana wa mita 20. Gawanya: pikseli 96 kwa mita. Hata mlinzi aliyekula ugali meza moja na mshukiwa kwa miaka mitano hatakuwa na uhakika. Ukibadilisha kamera hiyo kwa ya 4K, yenye pikseli 3,840 kwa upana, utapata 192: mfanyakazi anayefahamika atatambulika, mgeni bado hapana. Ukibaki na kamera ile ile ya bei nafuu lakini ukaifungia lenzi inayoona upana wa mita 7 tu pale mlangoni, unavuka 270. Kubadilisha lenzi kumeshinda kubadilisha kamera.

Kwa hiyo kazi ya kuchagua huanza na mchoro wa kiwanda na kalamu, kabla ya kufungua katalogi yoyote. Mkuu wa ulinzi anazunguka eneo na mchoro mkononi, anasimama kila mahali, anaandika swali. Kwenye uzio wa nyuma, unaopakana na shamba, swali ni fupi: kuna mtu au hakuna? Hapo pikseli 25 zinatosha, na kama giza ni nene na uzio mrefu, kamera ya joto inafaa zaidi kwa sababu inaona mwili wa mtu bila taa yoyote, ingawa haitatoa sura yake. Kwenye mlango wa ghala swali ni nani, na jibu linataka kamera ishuke. Kiwanda ni mahali pa kofia ngumu, na ukingo wa kofia hufunika uso ukitazamwa kutoka juu. Kimo cha mita 2 hadi 2.5, mahali ambapo watu hulazimika kupita mmoja mmoja, huleta uso uliosimama wima.

Getini swali ni namba ya gari, na hapo ndipo wengi hupigwa chenga. Lori linaloingia kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa husogea mita 5.6 kila sekunde. Kamera ikifungua jicho lake kwa theluthi moja ya sehemu ya kumi ya sekunde, yaani 1/30, kama inavyofanya yenyewe gizani, lori litakuwa limesogea sentimita 18 kabla picha haijakamilika. Namba zinakuwa ukungu. Kwa 1/500 lori linasogea sentimita 1 tu na namba zinasomeka, ila sasa picha inataka mwanga mwingi zaidi. Kamera ya namba za magari kwa hiyo ni kamera ya kazi moja, yenye taa yake na mipangilio yake. Ikilazimishwa pia kuonyesha sura ya dereva na uwanja mzima wa geti, itashindwa yote matatu.

Sehemu ya kupakia mizigo ina shida ya aina yake. Ndani ni kivuli, nje jua la saa saba mchana, na mlango mkubwa unageuka dirisha jeupe lenye vivuli vyeusi vinavyotembea. Hapa huhitajika kamera inayomudu mwanga na kivuli kwa wakati mmoja, na uwezo huo haupimiki kwa kusoma karatasi ya sifa. Njia ya hakika ni kuomba kamera ya majaribio na kuifunga mlango huo huo saa hiyo hiyo.

Kamera kubwa ya kuzunguka, ile inayogeuka na kuvuta karibu, hupendwa na mabosi kwa sababu inafurahisha kuichezea. Lakini inaangalia upande mmoja kwa wakati mmoja, na pasipokuwa na mtu wa kuiongoza, mara nyingi tukio huikuta imegeuka. Kama ipo fedha ya kuinunua, ije baada ya zile zilizotulia, zenye kazi ya kudumu.

Vumbi, chumvi na buibui

Mazingira ya kiwanda huua kamera kimyakimya. Alama ya IP66 inamaanisha vumbi haliingii na maji ya mpira wa shinikizo hayapenyi. IP67 inamaanisha kwamba kifaa kinaweza kuzama kwa muda mfupi. Alama ya IK10 inamaanisha ganda limehimili pigo la jouli 20, sawa na uzito wa kilo 5 ulioangushwa kutoka sentimita 40. Kwa kiwanda cha saruji cha Tanga au bohari ya Mombasa, alama hizo hazimalizi mambo, maana upepo wa bahari huleta chumvi inayokula skrubu na mikono ya kamera. Huko ganda la chuma kisichoshika kutu hurudisha gharama yake mapema.

Mambo mengine hayamo kwenye katalogi yoyote. Buibui hupenda kutanda mbele ya lenzi, na usiku uzi mmoja unaomulikwa na taa za infraredi hung'aa kama kamba nene, ukicheza na upepo na kuamsha king'ora mara mia. Msimu wa mvua kumbikumbi hufuata kamera zenye taa nyeupe. Kifuniko cha duara kilichojaa vumbi la unga hurudisha mwanga wa infraredi ndani ya lenzi na kugeuza picha kuwa ukungu. Mkataba wa matengenezo usiotaja kitambaa, ngazi na siku ya kufuta lenzi haujataja matengenezo.

Kwa baadhi ya viwanda vumbi lina hatari kubwa kuliko kuchafua kioo. Tarehe 7 Februari 2008 vumbi la sukari lililipuka katika kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, na kuua watu 14. Unga, nafaka, sukari na pamba hutoa vumbi la aina hiyo, na cheche au joto la kifaa cha umeme vinaweza kutosha kuliwasha. Hapa IP66 inapotosha: inasema vumbi haliingii kwenye kamera, haisemi kwamba kamera haitawasha vumbi lililo nje. Maeneo hayo hupimwa na kugawanywa kwa kanda za hatari, na kamera zinazoruhusiwa ndani yake zina vyeti vya ATEX au IECEx. Bei yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya kamera ya kawaida. Mara nyingi suluhisho rahisi ni kuifunga kamera nje ya kanda ya hatari na kutazama ndani kwa lenzi ndefu.

Waya na umeme

Kebo ya kawaida ya mtandao ina kikomo cha mita 100. Kwa duka, hilo ni jambo dogo. Kwa kiwanda chenye ghala tatu na uzio wa kilomita moja, ndilo linalochora ramani nzima ya mfumo. Kati ya jengo na jengo hupitishwa mkonga wa nyuzi za kioo, unaofika mbali zaidi, na swichi huwekwa karibu na kila kundi la kamera. Mkonga una faida ya pili: haupitishi umeme. Kanda ya Ziwa na nyanda za Kisii ni nchi za radi, na waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unaweza kulibeba pigo la jengo moja na kulimalizia kwenye rekoda ya jengo la pili. Vizuia mishtuko ya umeme na nyaya za ardhini ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na swichi kumi zilizoungua kwa radi moja.

Kebo hiyo hiyo ya mtandao hupeleka na umeme. Kiwango cha kwanza, cha mwaka 2003, kiliruhusu wati 15.4 kwa kila tundu. Cha 2009 kikafika 30. Cha 2018 kinafika 90. Tatizo liko kwenye jumla. Tuseme swichi ina uwezo wa wati 120 kwa matundu yote, na inalisha kamera 8 zinazokula wati 10 kila moja mchana. Jumla ni 80, fundi anaondoka ameridhika. Jua linapozama taa za infraredi zinawaka, kila kamera inakula 16, jumla inapanda hadi 128, na swichi inaanza kuzima tundu moja baada ya jingine. Mchana yake kamera zote zinafanya kazi. Kiwanda kitatafuta mchawi kwa wiki mbili kabla mtu hajapiga hesabu hiyo.

Umeme ukikatika, UPS inatakiwa kuziba pengo hadi jenereta liwake. Wengi huiweka kwenye rekoda peke yake na kuzisahau swichi zilizo kule ghalani. Rekoda inabaki hai, ikirekodi giza.

Hesabu ya diski

Mkondo mmoja wa picha wa megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Kwa siku 30 ni terabaiti 1.3, na kwa kamera 40 ni takriban terabaiti 52. Hiyo ndiyo namba inayokosekana kwenye bei nyingi za chini. Muuzaji ameweka diski mbili na kuacha kimya kwamba picha zitafutika baada ya siku chache. Zipo njia halali za kupunguza. Mfumo wa kubana picha wa H.265, uliotoka mwaka 2013, uliundwa ili kutumia karibu nusu ya nafasi ya H.264 ya mwaka 2003 kwa ubora ule ule. Ghalani picha 10 hadi 15 kwa sekunde zinatosha. Uzio usio na mtu hauna haja ya kurekodiwa kwa ubora wa juu usiku kucha.

Siku ngapi zihifadhiwe? Jibu limo kwenye daftari la stoo. Kama mali huhesabiwa kila mwisho wa mwezi na picha huhifadhiwa kwa siku 14, wizi wa tarehe 3 utagunduliwa wakati ushahidi wake umeshafutwa. Muda wa kuhifadhi uzidi muda kati ya hesabu moja na nyingine, na hapo ndipo ukubwa wa diski upatikane.

Kuhifadhi kila kitu kwenye wingu kunavutia kwa maelezo, lakini kamera 40 za megabiti 4 zinahitaji megabiti 160 kwa sekunde za kupandisha, mfululizo, bila kukatika. Viwanda vingi havina njia hiyo. Mchanganyiko hufaa zaidi: picha zote zibaki kiwandani kwenye diski zilizopangwa ili moja ikifa nyingine zishike, kadi ndogo ndani ya kamera muhimu zirekodi mtandao unapokatika, na vipande vya matukio tu vipelekwe nje, mbali na moto au na mwizi anayeijua rekoda ilipo.

Na saa. Saa nane usiku ya mlinzi ni 02:00 ya rekoda, tofauti ambayo watumiaji wa Kiswahili huibeba kichwani bila shida. Saa isiyolingana kati ya kamera, mizani ya magari na mashine ya mahudhurio ni shida nyingine, kwa sababu hadithi ya wizi hujengwa kwa kuunganisha vyote vitatu. Vifaa vyote vinatakiwa kuchukua saa kutoka seva moja ya muda. Mahakamani uzembe huu una gharama. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inadai cheti kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki ulivyotolewa na kifaa kilichoutoa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaelekeza kuangalia iwapo njia ya kutunza taarifa inaaminika. Wakili wa utetezi hahitaji kubishana na picha ikiwa saa yake inasema ni asubuhi.

Mlinzi anayeweza kuibwa

Tarehe 21 Oktoba 2016 tovuti kubwa zikiwemo Twitter na Netflix zilikosekana kwa saa kadhaa katika sehemu kubwa ya Marekani. Chanzo kilikuwa Mirai, programu ovu iliyokuwa imeteka kamera, rekoda na rauta kote duniani na kuzielekeza zote kuishambulia kampuni ya Dyn iliyohudumia tovuti hizo. Mirai haikuhitaji ujanja mkubwa. Ilibeba orodha ya jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani, ikajaribu moja moja hadi mlango ukafunguka.

Septemba 2021 Hikvision, kampuni ya China ambayo kamera zake zimejaa Afrika Mashariki, ilitoa marekebisho ya ufa uliopewa alama 9.8 kati ya 10 kwa ukali: aliyeifikia kamera kwenye mtandao aliweza kuitawala bila nywila yoyote. Miezi michache kabla, Machi 2021, wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa wingu wa kampuni ya Verkada ya Marekani na kudai kufikia kamera zipatazo 150,000, zikiwemo za Tesla, za hospitali na za magereza. Walikuwa wamekuta nywila ya akaunti kuu ikiwa wazi kwenye intaneti. Kifaa cha Mashariki na huduma ya Magharibi, milango miwili tofauti, matokeo yale yale.

Siasa nazo zimeingia. Sheria ya bajeti ya ulinzi ya Marekani ya mwaka wa fedha 2019 ilizuia taasisi za serikali kununua kamera za Hikvision na Dahua, na Novemba 2022 Uingereza iliagiza idara zake ziache kufunga, kwenye maeneo nyeti, vifaa vya kampuni zinazobanwa na sheria ya ujasusi ya China. Kiwanda cha Afrika Mashariki kinachouza bidhaa zake kwa mashirika ya Marekani kina sababu ya kulisoma jambo hilo kwa makini. Kwa wengine swali la maana ni la kila siku: mtengenezaji ataendelea kutoa masasisho ya modeli hii kwa miaka mingapi, na je, kifaa kimepitia kwa msambazaji rasmi? Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la ndani la China na kubadilishwa lugha mitaani huuzwa kwa bei ya kutupa. Ukivisasisha, menyu inaweza kurudi Kichina au kifaa kufa kabisa, hivyo havisasishwi kamwe. Rahisi ghali.

Kinga zenyewe ni za kawaida. Kamera ziwe kwenye mtandao wao, uliotenganishwa na kompyuta za ofisi na zaidi na ule unaoendesha mitambo. Rekoda isifunguliwe moja kwa moja kwenye intaneti ili bosi atazame kwa simu akiwa safarini. Apite njia iliyosimbwa. Kila mtu awe na akaunti yake. Na hapa ipo hatari ambayo haisemwi sana: fundi aliyefunga mfumo aliuunganisha kwanza na simu yake mwenyewe ili aujaribu. Kazi imekwisha, mkataba umekwisha, na bado kila jioni anaweza kufungua simu akaona ghala la mteja wake wa zamani.

Ndoa na talaka ya vifaa

Mwaka 2008 Axis, Bosch na Sony walianzisha ONVIF, lugha ya pamoja inayowezesha kamera ya kampuni moja kuzungumza na rekoda ya nyingine. Ina viwango kadhaa: S kwa mambo ya msingi ya picha, T kwa picha za H.265 na mengine mapya. Mnunuzi anayeandika ONVIF kwenye zabuni bila kutaja kiwango anaweza kupata picha peke yake, huku kengele za kuvuka mstari, sauti na utambuzi wa namba za gari vikibaki kufanya kazi kwa vifaa vya kampuni ile ile tu. Kwa kiwanda kidogo chenye kamera 16, rekoda ya boksi moja inatosha na ni rahisi kuitunza. Kiwanda chenye matawi na kamera mia kinahitaji programu ya usimamizi kwenye seva, ambayo kwa kawaida hulipiwa leseni kwa kila kamera. Kabla ya kusaini, ni vyema kuuliza itagharimu nini kuhama, maana ndoa hii hufika mwisho na diski zote zinabaki kwa mmoja.

Macho ya nani

Mwaka 1999 ripoti iliyoandaliwa na Maabara ya Sandia kwa Wizara ya Sheria ya Marekani ilionya kwamba baada ya dakika 20 za kukodolea vioo, umakini wa mtu wa kawaida hushuka chini ya kiwango kinachokubalika. Zamu ya mlinzi ni saa 12. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za ulinzi, ulikuta uhalifu ulipungua kwa asilimia 13 kwa wastani, na matokeo mazuri zaidi yalikuwa kwenye maegesho ya magari. Kamera zilizokuwa na mtu wa kuzifuatilia na kuunganishwa na hatua nyingine za ulinzi zilifanya vizuri kuliko zilizoachwa peke yake. Programu za akili mnemba zinazopiga kengele mtu anapovuka mstari humpunguzia mlinzi mzigo, mradi zipangwe kwa subira. Kengele ikilia mara 60 kwa usiku kwa sababu ya paka na turubai, usiku wa tatu itazimwa.

Wanaotazamwa nao wana haki zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwa Tume inayoisimamia. Picha ya uso ni taarifa binafsi. Nchini Kenya, kanuni za usajili za 2021 chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data zinazitaja kamera za ulinzi miongoni mwa shughuli zinazolazimu usajili. Mabango ya kutangaza kamera, marufuku ya kamera vyooni na vyumba vya kubadilishia nguo, daftari la nani alitazama picha na kwa nini: haya yajadiliwe na wawakilishi wa wafanyakazi, mathalani tawi la chama cha wafanyakazi cha TUICO, kabla ya kutoboa ukuta. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubali kamera za siri zilizowanasa wafanyakazi wa duka kubwa la Hispania, lakini ilizingatia kwamba kulikuwa na shaka ya msingi ya wizi mkubwa na kwamba zilifungwa kwa siku 10 tu, kwenye eneo la malipo. Bosi anayetaka kamera ya siri ya kudumu hatapata kimbilio hapo.

Usiku wa kukabidhiana

Kiwanda cha unga cha mwanzo wa makala haya kingeweza kuepuka aibu yake kwa usiku mmoja wa majaribio, kabla ya kulipa salio. Mkuu wa ulinzi anamvalisha kijana mmoja kofia ngumu, anampa mfuko wa kilo 25, anamwambia apite mlango wa ghala kiza kikiwa kimeingia sawasawa. Lori linapita getini mara tatu kwa mwendo wake wa kawaida. Mtu anatembea kando ya uzio wa nyuma. Kisha umeme unakatwa kwenye swichi kuu, watu wanahesabu sekunde hadi jenereta liwake, na kijana anapita tena katikati ya giza hilo.

Ndipo fundi anaombwa aketi kwenye rekoda, atafute matukio yote, ayatoe kwenye diski ndogo, na kuyafungua kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuuona mfumo huo. Uso unalinganishwa na kijana aliyesimama pale pale, bado anatoka jasho. Namba ya lori inasomwa kwa sauti na dereva anaitikia. Saa ya picha inawekwa kando ya saa ya mizani. Mwisho nywila ya akaunti kuu inabadilishwa fundi akiwa ameangalia pembeni, inaandikwa kwenye karatasi, karatasi inatiwa bahasha na kupelekwa sefu ya mhasibu. Fundi anafungua simu yake mbele ya wote, anajaribu kuona ghala, na kioo kinamwandikia kwamba hana ruhusa.